Pacha Asiyeliliwa

Utoto wangu wote nililala na kibuyu. Kilikuwa kibuyu kidogo cha shingo nyembamba, kimefungwa kitambaa kiunoni kama mtoto aliyevishwa nepi, na shingoni kimevalishwa shanga nyeupe. Ndani mlikuwa na mbegu kavu. Nikijigeuza zilichakarika, na bibi yangu, mama yake baba, aliyelala kitanda cha pili, aliniambia, "Kaka yako anasumbuka, msogelee." Nilimsogelea. Sikujua kwamba watoto wengine wanalala na watu.

Mimi ni pacha. Kwetu Usukumani majina ya mapacha ni mawili tu, la anayetangulia na la anayefuata, na kila mtu anayajua, kwa hiyo hata nisipoyataja hakuna atakayepotea. Mimi nilifuata. Aliyetangulia alikuwa wa kiume, akafa kabla hatujaota meno. Niliambiwa ni homa. Bibi na wanawake wazee wenzake walimbeba wenyewe wakampeleka bondeni kwenye maji, na mama yangu hakuonyeshwa mahali. Halafu bibi akachuma kibuyu, akakikausha, akakivika, akakilaza ubavuni kwangu. Wazee wa zamani walifanya hivyo ili anayebaki asimfuate mwenzake. Siku hizi wengi wameacha. Bibi yangu hakuwa mtu wa kuacha kitu.

Kulikuwa na mwiko mmoja ulioshinda yote: pacha haliliwi. Akifa pacha hakuna anayelia, na wa mwisho kabisa kuruhusiwa ni mama yake. Machozi ya mama, walisema, yanafungua njia, na yule aliyebaki akiiona anaondoka nayo. Ndiyo maana mama yangu alipopoteza mtoto, jioni hiyo hiyo alisonga ugali.

Kisha kuna hili jingine, ambalo nilikuja kuliona nikiwa mtu mzima. Mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kisimani, shambani, mnadani, watu walimwita mama yangu kwa jina la yule yule aliyekatazwa kumlilia. Mama fulani! Naye anaitika, "Bee." Siku nzima, mwaka mzima, anaitika.

Tuliishi Ushetu, kwenye tumbaku. Baba alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke, akabaki huko huko, na hayo ndiyo yote ninayoweza kusema juu yake bila kuharibu siku yangu. Tulibaki watatu, bibi, mama na mimi, au wanne, inategemea nani anahesabu. Bibi alihesabu wanne. Ugali ukiiva, tonge la kwanza lilikwenda kwenye kibuyu, kidogo tu, mdomoni pake, ndipo na mimi nile. Kitenge kikinunuliwa, pembe moja ilichanwa kwa ajili yake. Nilipopakwa mafuta, na yeye alipakwa, na kwa kuwa hakuwa na magaga wala vumbi alikuwa aking'aa kuliko mimi. Nilimchukia. Bibi akitoka, nilimfinya. Ngozi ya kibuyu haifinyiki, nikaumia kucha.

Watu walionijua walinitazama kama wanamtafuta mwingine nyuma yangu. "Huyu ndiye aliyebaki," walielezana, nami nimesimama pale nawasikia. Nadhani hilo ndilo lilikuwa jina langu hasa, Aliyebaki. Lakini hata kiporo kinabaki. Shuleni mwalimu aliniuliza nataka kuwa nani nikiwa mkubwa, na nilishindwa kujibu, si kwa aibu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba swali hilo linaweza kuulizwa juu yangu peke yangu.

Na kulia? Sikujifunza. Mtoto mwingine akianguka analia, anabembelezwa, yanaisha. Mimi nikianza tu kukunja uso, nyumba nzima inasimama. Mama alikuwa anaacha chochote alichoshika, anakuja mbio, ananikamata kifundo cha mkono na kuweka kidole gumba pale mshipa unapopiga, anasikiliza huku akinikodolea macho. Hanibembelezi. Anasikiliza tu. Akiridhika anauachia mkono anarudi kwenye kazi yake. Nilikuja kuona kwamba kulia kunasumbua watu bure, nikaacha.

Wakati wa kukausha tumbaku, mama alikaa mbele ya bani, kile kijumba cha udongo cha kuchomea majani, akiangalia moto kutwa kucha. Ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza. Ndivyo alivyokuwa akinitazama na mimi. Sikuona mapenzi katika macho yale, niliona ulinzi, na nikakata shauri kwamba mapenzi yote yamekwenda kwa aliyetangulia. Yeye alikuwa hakosei. Alikuwa havunji chungu, hajibu watu vibaya. Kushindana na mtu asiyekosea ni kazi bure. Niliumia sana, na sikumwambia mtu, maana ningemwambia nani? Kibuyu?

Bibi alipofariki, mimi nilishakua. Siku naondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha, mama alikiosha kibuyu, akakipaka samli, akakivika kitambaa kipya, akanikabidhi. "Usimwache popote," aliniambia. Hakusema nisijiache mimi.

Nikaenda Geita. Si kumtafuta baba, kama mnavyofikiri, nilifuata biashara. Nilikuwa nachukua dagaa Nkome, ziwani, nawauza kwenye meza ya mbao katika senta moja ya wachimbaji, mahali pa mabati na vumbi, ambapo mashine za kusaga mawe, karasha, zinanguruma mpaka meno yanacheza mdomoni. Kibuyu nilikiweka kwenye ndoo yenye kifuniko, chini ya kitanda. Huko niliolewa na kuachika. Bwana huyo hana sehemu katika habari hii, isipokuwa kwamba alisema hawezi kulala chumba kimoja na shemeji yake, na kwa kweli simlaumu.

Kanisa lilikuwa banda la mabati nyuma ya karasha. Niliingia kwa sababu ya jua, nisiwadanganye. Mwinjilisti wake alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, mwembamba, mwenye haraka, ambaye siku za kazi aliendesha bodaboda. Alihubiri kama alivyoendesha, bila breki. Lakini waliimba vizuri, na hakuna aliyenitazama kama anamtafuta mwenzangu. Jumapili iliyofuata jua halikuwa kali, nikaenda tena.

Nikajiunga na darasa la ubatizo. Siku ya kwanza kila mtu alisimama aseme yeye ni nani. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Sisi ni mapacha." Mwinjilisti akatazama benchi langu. "Mwenzako yuko wapi?"

"Nyumbani," nikasema. "Kwenye ndoo."

Walicheka mpaka benchi likasogea. Nikachukua khanga yangu nikatoka. Mimi nina hasira za karibu, hata leo, na siku ile niliapa kwamba dini hiyo wataifuata wenyewe. Kesho yake mwinjilisti akaegesha pikipiki mbele ya meza yangu. Akanisalimu, "Shikamoo dada." Nikaitikia nikitazama pembeni. Akaomba radhi, akaniuliza habari ya ndoo, nikamweleza kwa ufupi na kwa ukali, nikidhani atacheka tena. Hakucheka. Akasema, "Dada, Mungu alipokuita alikuita wewe. Hakuita aliyebaki."

"Nunua dagaa au sogeza pikipiki," nilimwambia.

Akanunua dagaa. Lakini neno lake halikuondoka na pikipiki. Mchana ule ule, mezani pangu, wateja wakiwa wachache, nilijaribu kuomba kama nilivyoona wengine wanaomba. Niliinamisha kichwa juu ya dagaa wangu nikasema, "Mungu, ni mimi." Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilitegemea ataniuliza, na mwenzako je? Nilisubiri. Hakuuliza. Pale ndipo imani yangu ilipoanzia, kwenye lile swali ambalo halikuulizwa. Sina ushuhuda mkubwa kuliko huo. Wenzangu kanisani waliona nuru na kusikia sauti. Mimi nilisikia kimya, na kilikuwa kimya cha mtu anayenisikiliza mimi peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Kabla ya kubatizwa kulikuwa na siku ya kuchoma. Kila mwenye kitu cha mizimu au cha mganga alikileta nje ya kanisa. Pale machimboni vitu hivyo havipungui, maana kuna watu hawashuki duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, bila kufungwa kitu mkononi. Watu walitupa hirizi, pembe, vichupa, moto ukawaka na kunuka vibaya. Mimi nilisimama mwisho wa mstari nimebeba ndoo. Nilikuwa nimeamua kutii. Nilijiambia nitamtoa, nitafumba macho, na mwishowe nitakuwa mtu mmoja kama wengine. Nilipofunua kifuniko mikono ilikataa.

"Hicho ni cha nini?" mwinjilisti akauliza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ni kaka yangu."

Akakitoa kwenye ndoo. Nadhani alikuwa tayari kukirusha, kwa maana alikuwa mtu wa haraka. Mbegu zikachakarika, akasimama. Akatazama kile kitambaa, pindo lililoshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mama yangu.

"Nani kamshonea?"

"Mama."

"Alizikwa wapi?"

"Mama hajui. Walimpeleka wazee."

"Nani alimlilia?"

Nikamwambia haliliwi. Nikamweleza na sababu. Watu nyuma walianza kunung'unika kwamba moto unazimika. Mwinjilisti akakirudisha kibuyu kwenye ndoo, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote, akafunika.

"Siwezi kuchoma mtoto wa mtu," akasema. "Huyu anazikwa. Na mwenye msiba ni mama yako, siyo mimi wala wewe."

Alinibatiza hivyo hivyo, Nkome, ziwani, ndoo ikiwa ufukweni kati ya vichanja vya dagaa wanaokaushwa, kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Wazee wawili watatu wa kanisa walisema mwinjilisti amenibatiza pamoja na mzimu wangu, na kwa muda hawakununua kwangu. Nilipoibuka kwenye maji niliitwa kwa jina nililojichagulia mwenyewe, jina ambalo halisemi nilikuja wa pili. Nilifurahi, sikatai. Lakini ile furaha ilikuwa na shimo katikati, nami nilijua limechimbwa wapi.

Nikapanda gari kwenda Ushetu na ndoo yangu magotini. Nilimkuta mama anachambua tumbaku uani. Nilipiga goti, "Shikamoo mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akaitikia, akatazama ndoo kwanza, ndipo akanitazama mimi. Nikamweleza nimeokoka. Akashukuru, "Wabeja, Mungu mwema," bila kuinua macho kwenye majani. Nikamweleza la kuzika. Hapo mikono yake ikasimama.

"Kuzika ni kulia," akasema.

"Ndiyo mama. Ulie. Hujamlilia."

"Unataka nikuzike na wewe?"

Nikaanza kumhubiria. Nilikuwa mwongofu mpya, nilikuwa na majibu ya kila kitu, nikamwambia mambo ya mwiko yamekwisha, mimi ni mtoto wa Mungu, sifi kwa machozi. Aliniacha nimalize. Halafu akainuka, na mama yangu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akapaza.

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi hili donge nimelimeza toka huna meno. Nimelala nalo, nimelima nalo. Wenzangu wakifiwa wanagaragara chini, wanapumua, wanarudi wazima. Mimi nilisonga ugali. Unadhani sikuwa na macho? Kila nilipotaka kulia nilikutazama wewe. Leo umekuja na dini yako unaniambia nilitapike? Na ukifa?"

Yale majibu yote yalinikimbia. Akarudi kukaa, akavuta majani, akaendelea kuchambua, na macho yake yalikuwa makavu kama majani yenyewe. Kesho yake nikapanda gari kurudi Geita na ndoo yangu. Njia nzima lile neno lilikuwa linanifanyia kazi. Kila nilipotaka kulia nilikutazama wewe. Miaka yote ile nilidhani naangaliwa kama moto wa bani, kumbe mimi ndiye niliyekuwa majani. Mama hakuwa amempenda aliyekufa akanisahau mimi. Alikuwa amemnyima aliyekufa haki yake ili mimi nibaki. Niliumia kujua hivyo. Ni vigumu sana kupendwa namna hiyo.

Msimu wa mvua duara moja likaporomoka. Waliotolewa walikuwa wazima, isipokuwa kijana mmoja. Mama yake aliitwa kutoka Kagongwa, akafika mchana, mwanamke wa makamo amevaa viatu vya plastiki na khanga mbili. Na pale kulikuwa na mwiko mwingine. Mwenye duara alikataza kulia karibu na shimo, ati dhahabu inasikia kilio na kukimbia. Wachimbaji, watu wazima wenye vifua kama milango, walikuwa wakimwambia yule mama kwa upole, "Vumilia mama, vumilia, siyo hapa." Mwanawe amelazwa kwenye turubai mbele yake. Naye anavumilia. Ametafuna pindo la khanga mpaka limelowa.

Niliujua uso ule. Nimekula ugali mbele ya uso ule tangu utotoni.

Sikufikiri. Niliacha meza yangu wazi, nikamshika mkono, nikamwongoza mpaka nyuma ya kanisa, karasha zikinguruma. Nikamwambia, "Mayu, hapa siyo duarani. Lia."

"Watasema mimi ndiye nimewaharibia."

"Waseme. Hiyo dhahabu yao ina miguu?"

Akanitazama. Halafu akakaa chini palepale kwenye matope, akalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Nilikaa naye, nikamkumbatia, na ghafla nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni kwangu, nikadhani ni kichefuchefu, kumbe ni kilio. Nililia mimi niliyekuwa sijui kulia. Nililia vibaya, kwa kamasi, kama mtu anayejifunza. Na katikati ya kulia nilisubiri kufa. Ndiyo, na ubatizo wangu wote, nilisubiri. Tulipomaliza, yule mama aliomba maji, na mimi nikagundua kwamba nina njaa.

Mwinjilisti aliposikia, alinisomea habari ya Yesu kwenye kaburi la rafiki yake. Nilikuwa naijua kwa juu juu. Sikuwa nimesikia kwamba kabla hajamwita yule marehemu atoke, alisimama pale akalia machozi. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, "Na hakuna aliyemkataza?"

"Nani amkataze?"

"Basi mbona alilia, na alikuwa anajua atamfufua?"

Mwinjilisti akafikiri, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Nadhani kwa sababu dada za marehemu walikuwa wanalia," akasema.

Tangu siku ile wanawake walianza kuniita. Amefiwa fulani, njoo. Mume wa fulani hajatolewa shimoni, njoo ukae naye. Mimi siyo mhubiri, mdomo wangu ni mkali na sijui kufariji kwa maneno mazuri. Ninachojua ni kukaa na kulia na mtu mpaka amalize, halafu kumpikia uji. Katika senta ile ambapo kila mtu ametoka kwingine, ambapo mtu anafia mbali na ndugu wa kumlilia, ilikuwa ni kazi, na ilikuwa yangu. Nilipata jibu la yule mwalimu, nimechelewa sana. Sikubaki kwa bahati mbaya. Nilibakizwa. Lakini niseme ukweli, kila nilipowaambia wanawake wale walie, nilimwona mmoja nisiyemweza, yuko Ushetu anachambua tumbaku.

Mama alianza kuvimba miguu. Nikamleta kwangu atibiwe hospitali. Alikaa nami, akazoea karasha, akajifunza kuuza dagaa na kuwapunja wateja kidogo, jambo lililotugombanisha. Ndoo ilikuwa chini ya kitanda, na tonge la kwanza aliliweka yeye, mimi sikumkataza. Misiba ilipotokea alinifuata. Alikaa nyuma kabisa, ameegemea ukuta, ananitazama nikilia na wenye msiba. Asubuhi yake, kila mara, nilikuwa naamshwa na kidole gumba kwenye kifundo cha mkono wangu. Nafumbua macho, mama amepiga magoti kando ya godoro, anasikiliza. Akiridhika ananiachia, anakwenda kuwasha mkaa.

Hivyo mara nyingi, msiba kwa msiba, asubuhi kwa asubuhi. Siku moja, tumekaa tunachagua mchanga kwenye dagaa, akasema kana kwamba anaongelea bei, "Unalia sana wewe."

"Ndiyo mama."

"Na hufi."

"Sifi mama. Siku yangu ikifika nitakufa, ila siyo kwa hilo."

Akachagua mchanga muda mrefu. Miguu yake ilikuwa imevimba tena, na daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ni moyo, na kwamba hawana la kufanya zaidi. "Basi nipeleke nyumbani," akasema. "Na yeye."

Tukarudi Ushetu, mama ameishika ndoo mwenyewe. Mwinjilisti alitaka kuja, mama akakataa. "Hili la kwetu," alisema, na nikamwelewa. Kulipokucha vizuri tulishuka bondeni, polepole, kwa ajili ya miguu yake. Hakujua wazee walimweka wapi. Alisimama akatazama matete, akatazama maji, akanyoosha kidole mahali, basi tu, mahali popote. Nikachimba kwa jembe. Udongo ulikuwa laini.

Mama alimtoa kwenye ndoo, akamfunua, akamfunika tena. Akamshusha mwenyewe. Nilisali maneno machache. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yangu, nikamwita kwa jina lake, lile ambalo mama ameitikia maisha yake yote. Nikafukia kwa mikono. Mbegu zikachakarika kidogo, halafu hazikusikika tena.

Halafu nikasubiri mama alie. Nilikuwa nimejiandaa kumshika. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Alifumba macho, akakaza uso, akajaribu tena kama mtu anayejaribu kuinua mzigo. Machozi hayakuja. Alijaribu kwa muda mrefu, na sijaona jambo la kuhuzunisha kuliko hilo, katika misiba yote niliyokaa. Mwishowe akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotea mnadani.

"Nimesahau," akasema.

Nikamsogelea.

"Nililie wewe, ng'wanawane. Mimi donge limegoma. Nililie."

Kwa hiyo nililia mimi. Nilimlilia kaka yangu niliyemfinya na kumwonea wivu, pacha akimlilia pacha, jambo ambalo bibi angelikimbia. Nilimlilia mama yangu na macho yake makavu. Sikujizuia. Na tangu nilipoanza mama alikuwa amekishika kifundo cha mkono wangu, kidole gumba pale mshipa unapopiga, kwa nguvu hata nikaumia, na hakukiachia, anasikiliza, jua likipanda juu ya matete, mpaka sauti yangu ikaisha.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Upo?"

"Nipo, mama."